Mkwe Aliyeongea na Kamba

Kasongo, 3 Julai 2022

Kwako Zakaria, mume wangu, jina ninaloliandika polepole ili lisiishe haraka,

Iliasi wa pikipiki anaondoka kesho kuja huko Kabambare, na hapa amesimama mlangoni ananicheka. Anasema, "Shemeji, andika basi, hata karatasi inachoka." Mwache acheke. Yeye hajui kuoa, anajua kubadilisha tairi tu.

Tangu uondoke, chumba chetu kimekuwa kikubwa. Nakipiga deki mara mbili kwa siku kwa sababu sina mtu wa kukichafua. Shati lako la harusi nimelifua, kisha nikajuta, maana harufu yako imekwenda na sabuni. Usimwambie mtu haya. Mwalimu wangu wa sekondari alizoea kusema kwamba mimi naandika insha kama mtu anayemwaga asali, na sasa nimepata wa kumwagia.

Nimemwambia kila mtu sokoni kwamba shirika la visima limekuchagua wewe ujifunze kuwa shefu wa kikundi, msimamizi wa wachimbaji. Wewe, uliyeanza kwa kubeba mifuko ya simenti. Kila nikisema hivyo, natembea nimenyooka kama niliyebeba mtungi.

Na furaha yangu ni mara mbili, kwa kuwa Baba yuko kikundi kimoja nawe. Mtu aliyechimba visima vya nusu ya mji huu sasa anachimba pamoja na mume wangu. Najua ni vigumu kwenu. Katika ukoo wetu mkwe haongei na baba wa mke, wala hawatazamani usoni, mpaka siku ya kufungua kinywa, siku anapopeleka jogoo na kitambaa, wakala sahani moja. Baba alitaka tufanye kabla hamjaondoka. Mimi ndiye niliyemshika mama mkono, nikamwambia tungoje. Nataka uingie uani kwetu ukiwa umeshakuwa shefu, shangazi zangu wote wakikutazama, na mpiga picha akiwepo. Siku kama hiyo haifanywi haraka haraka kama kununua chumvi.

Mpaka hapo, ongea naye kupitia watu. Itakuwa utamu wa kusimulia watoto wetu.

Ni mimi wako mzima,
Rachida

*

Kabambare, 20 Julai 2022

Rachida, mke wangu mpenzi,

Barua yako ilifika na vumbi lote la njia. Niliisoma nje, kisha ndani, kisha Yves akaniomba nimsomee kidogo, nikakataa. Yves ndiye mwenzangu tunayelala chumba kimoja. Ni mtu mzuri, ila anakoroma.

Tunajifunza kweli. Mkubwa wetu ni mama mmoja injinia, Madame Léocadie, mpole lakini haachi kitu kipite. Zamani mimi nilidhani kisima ni jembe na nguvu. Sasa najua kwamba kinachoua watu wengi si kuporomoka kwa udongo. Ni hewa. Siku hizi tunashusha pampu ya mafuta chini kukausha maji, na moshi wake unakaa shimoni hata pampu ikiwa imezimwa. Hauonekani, na wakati mwingine haunuki. Nimepewa chombo kidogo cha kupima hewa, ninakivaa shingoni. Kikilia na taa ikiwa nyekundu, hakuna anayeshuka, na mwenye kusema hivyo ni mimi.

Jambo gumu kuliko hesabu ni kusema. Madame alitusimamisha wawili wawili, kila mmoja amwamuru mwenzake kwa sauti: "Simama. Hushuki." Mimi nilifanya vizuri kwa Yves na kwa wengine. Kisha akanisimamisha mbele ya Baba. Nikamgeukia Yves, nikamwambia, "Yves, mwambie mzee asimame." Baba naye akamwambia Yves, "Yves, mwambia bwana harusi, mzee amesimama tangu zamani, miguu inamuuma." Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Madame alicheka pia, halafu akaacha kucheka. Akaniambia, "Zakaria, hapa yeye ni mfanyakazi. Hapa si mkwe."

Nimefikiri sana. Soko la hapa lina vitambaa, na jogoo hawakosi. Kuna wazee wawili wa ukoo wenu wanaoishi Kabambare. Je, tukifungua kinywa huku, kwa ufupi, utakasirika? Sherehe kubwa tungeifanya nyumbani baadaye. Baba nadhani angekubali, lakini hawezi kuliomba yeye, na mimi siwezi kumuuliza. Sema wewe.

Mume wako,
Zakaria

*

Kasongo, 8 Agosti 2022

Zakaria wangu, shefu wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa na unga mikononi, ndiyo maana hii ina madoa. Nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama nimepata wazimu. Nikamwambia ndiyo, nimeupata tangu mwezi wa tano, siku ya ndoa.

Lakini kuhusu jogoo wa Kabambare, hapana, mpenzi. Usininyime siku yangu. Nimekwisha chagua kitambaa cha gauni langu, cha kijani chenye ndege, na shangazi wa Nyangwe amesema ataleta samaki mwenyewe kwa mtumbwi. Ukifungua kinywa huko porini kati ya mifuko ya simenti, watu watasema Zakaria alikuwa na haraka, au hakuwa na kitu. Ngoja kidogo tu. Mambo mazuri huchelewa.

Na nikuombe jambo moja, kwa mapenzi yote niliyo nayo. Usimpe Baba amri mbele ya watu. Madame ni mtu mwema, lakini yeye ni wa mbali, hajui. Baba akishushwa na mkwe wake mbele ya vijana, ataimeza, hatasema neno, lakini hataisahau, nami nitakuwa katikati yenu maisha yangu yote. Mpitishie maneno Yves. Baba ana akili, anasikia hata neno lililosemwa pembeni.

Usiku naota unarudi na kofia yako ya kazi kichwani, nami nakuambia uivue, na wewe unasema shefu haivui. Ndoto gani hizo.

Wako hata karatasi ikiisha,
Rachida

*

Kabambare, 29 Agosti 2022

Mke wangu Rachida,

Basi tutangoja. Sitaki kuanza ndoa yetu kwa kukunyima siku yako.

Tumehamia kijiji kimoja nje ya mji, tunachimba kisima karibu na shule. Maji tumeyapata lakini yanaingia kwa kasi, hivyo pampu inashushwa kila asubuhi. Wageni wa shirika watakuja kutoka Kindu katikati ya mwezi ujao. Madame amenieleza wazi kwamba kisima kikiwa tayari wakati huo, na kazi ikiwa safi, cheo ni changu.

Baba amelisikia hilo. Tangu siku hiyo hapumziki. Asubuhi tunamkuta ameshafika, anapiga mswaki juu ya rundo la udongo. Jana Yves alimwambia, "Mzee, pole pole, hii si shamba yako." Baba akamjibu, "Iko shamba ya binti yangu. Fanya kazi, weye mukoromaji." Sasa hata yeye anajua kuhusu mkoromo.

Amepata mchezo mpya. Ikiwa Yves hayupo, anaongea nami kupitia kitu kilicho karibu. "Ndoo, uliza bwana harusi kama amekula." Nami naijibu ndoo. Watoto wa shule wanakuja kutusikiliza. Nitakuambia kweli, Rachida, napenda sana kuongea na ndoo. Baba yangu mwenyewe alikufa nikiwa mdogo, hakunichezea hivyo.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Mvua ikiwahi, udongo huu hautasimama. Tuombee.

Zakaria

*

Kasongo, 9 Septemba 2022

Zakaria, moyo wangu,

Nimeshona. Kitambaa cha ndege kimekuwa gauni, na kilichobaki kimekuwa kilemba. Shangazi wote wameambiwa wajiandae kwa mwisho wa mwezi. Mama ameacha jogoo mmoja asiuzwe, anamlisha mchele kama mgeni. Nimemwambia mpiga picha kwamba nataka picha moja tu ya lazima, ile ya wewe na Baba mkicheka, mkitazamana usoni kwa mara ya kwanza.

Sina habari nyingine. Nina furaha tu, na furaha haina habari. Iliasi anapiga honi nje.

Wako, wako, wako,
Rachida

*

Kabambare, 16 Septemba 2022

Rachida,

Najua ulisikia kwa simu kabla ya karatasi hii. Nilipanda mlimani kutafuta mtandao, nikamwambia kaka yako, sauti ikakatika nikiwa bado nasema.

Baba amezikwa hapa jana alasiri. Njia imekatika mahali pawili kwa mvua, hatukuweza kumleta. Alioshwa vizuri. Wale wazee wawili wa ukoo wenu walikuwapo, na imamu, na kijiji kizima, hata watoto wa shule. Kaburi tulilichimba mimi na Yves.

Ilikuwa hewa ya kisima. Alishuka kuifunga pampu isizame. Alikuwa ameshashuka wakati mimi nafika. Hakuteseka, mtu hulala tu.

Wamenizuia hapa kwa ajili ya uchunguzi. Yves atakuja na vitu vya Baba. Nisamehe kwamba siko karibu nawe. Siwezi kuandika zaidi.

Zakaria

*

Kasongo, 2 Oktoba 2022

Zakaria,

Nimehamia kwa mama. Yuko eda, amekaa chumba cha ndani, na anayeingia kwanza humuuliza kama Baba amekula. Kisha anakumbuka. Mimi ndiye ninayekuwapo anapokumbuka.

Watu wa shirika walikuja kwenye matanga. Walileta mchele na sukari, walikaa kwa heshima. Mmoja wao alimwambia mama kwa upole kwamba wanasikitika, kwamba mzee alipewa amri na shefu wake asishuke, akakaidi. Walipoondoka mama alisema, "Kwa hiyo aliniacha kwa ukaidi." Tangu hapo analia kwa namna nyingine. Hapo awali alilia kama mjane. Sasa analia kama mtu aliyetukanwa.

Kaka zangu wanasema ukweli ni ukweli, mzee alikuwa na kichwa kigumu. Shangazi wa Nyangwe aliinuka akaenda kukaa nje.

Nami nina barua yako, inayosema alikuwa ameshashuka ulipofika. Na wao wanasema ulimpa amri. Mtu hapewi amri na asiyekuwapo, Zakaria. Nimeziweka kauli hizi mbili kando kwa kando usiku na mchana. Zote mbili haziwezi kuwa kweli, na nimeanza kuogopa kwamba hata moja si kweli.

Yves alileta mfuko wa Baba: kanzu, viatu, mswaki wa mti. Nilimpa chakula, hakula. Nikamuuliza. Alitazama chini mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Shemeji, miye nilikuwa narudi na mihogo, niko nyuma ya lundo ya udongo. Niliwasikia wanaongea na kamba. Nikafikiri ni ile mchezo yao ya kila siku. Nikawa nacheka." Akafunika uso. Sikumuuliza tena.

Mlikuwa mnaiambia nini kamba? Niandikie kila neno. Sitaki unihurumie. Mimi si mtoto, na aliyekufa ni wangu.

Rachida

*

Kabambare, 14 Oktoba 2022

Rachida,

Nitakuandikia kila neno.

Ilikuwa siku moja kabla ya wageni. Tulikuwa tumezima pampu muda si mrefu. Wanakijiji walikimbilia nyumbani kwa sababu upepo ulianza, na Yves alikuwa ameenda kutafuta mihogo. Tulibaki Baba na mimi. Chombo cha kupima hewa nilikuwa nimekishusha kwa uzi, nikakipandisha kinalia, taa ni nyekundu.

Baba aliketi ukingoni, miguu shimoni, akiangalia upande wa shule asinitazame, kama desturi. Alisema, "Kamba, ile kitu inalia nini?"

Nikasema, "Kamba, hewa ya chini ni mbaya. Anayeshuka sasa atalala."

Akacheka. "Kamba, mwambia bwana harusi, mvua iko inakuja. Pampu ikizama, wageni wake watakuta matope, na cheo yake itaenda na maji. Nashuka, nafunga, napanda. Hata mate haijakauka."

Nikasema, "Kamba, afadhali tungoje."

"Kamba, mwambia hivi: miye nilishuka mashimo kabla mama yake hajazaliwa."

Akaanza kushuka, kwa vile vidato alivyovichonga mwenyewe ukutani.

Kamba ilikuwa begani mwake, Rachida, hakuifunga kiunoni. Bega lake lilikuwa karibu nami kuliko karatasi hii ilivyo karibu na macho yangu. Neno nililofundishwa lilikuwa mdomoni. Nililijua, nililipatia alama nzuri. Nikatazama uso wake, akaona namtazama, akageuka upande mwingine kwa heshima. Nami nikageuka kwa heshima. Nilipogeuka tena sikuona kichwa chake.

Nilimwita kwa sauti ya kweli, nikamwita Baba, moja kwa moja, mara nyingi. Hakujibu. Nilitaka kushuka. Yves alinikumbatia kwa nyuma mpaka tukaanguka wote wawili.

Watu wa shirika walipouliza, niliandika kwamba alionywa. Hilo si uongo, ndiyo maana liliniwia rahisi. Wao wakaliita amri. Sikuwasahihisha. Wewe nikakuandikia kwamba sikuwapo, kwa kuwa sikuweza kukuambia kwamba nilikuwapo. Siku ya tatu baada ya maziko walinipa karatasi ya cheo.

Barua yako ya tarehe 2 ilipofika, nilikwenda ofisini kwa Madame Léocadie, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Aliniambia, "Na mimi nilicheka siku ile darasani, nikadhani nimekwisha kufundisha." Taarifa imeandikwa upya: mzee hakukaidi amri, kwa kuwa hakupewa. Nimerudisha cheo. Kuna barua yake kwa mama, Iliasi anayo.

Ananiomba nibaki kama mfanyakazi wa kawaida. Vikundi vipya vinaanza mwezi ujao, na anataka mimi nisimame mbele yao siku ya kwanza niseme jambo hili lote. Anasema karibu kila kikundi kina mtu na mkwe wake, au mtu na mjomba wake. Sitaki. Nataka kurudi nyumbani nilime mpunga, nisiamuru mtu, nisiamuriwe. Lakini sijui kama bado nina nyumba. Wewe sema.

Zakaria

*

Kasongo, 31 Oktoba 2022

Zakaria,

Barua ya Madame nilimsomea mama sentensi kwa sentensi. Nilipofika pale pasemapo mzee hakukaidi, aliniambia nirudie. Nilirudia mpaka akasema basi. Kisha akalala, usingizi wa kwanza wa kweli tangu siku ile. Kaka zangu nao wamesomewa. Mkubwa ametoka nje bila viatu.

Yako sikumsomea yote. Nilimwambia mlikuwa wawili, na kwamba kinywa kilikuwa hakijafunguliwa. Alielewa mara moja. Alinitazama, Zakaria. Yeye ndiye niliyemshika mkono nikamwambia tungoje, na wewe uliniomba kwa karatasi, kwa adabu, nami nikakujibu habari za kitambaa. Watu wananiambia ni kadari. Naikubali kadari. Lakini lile gauni siwezi kuligusa, na siwezi kulitupa.

Umeniuliza kama una nyumba. Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Nilianza barua ya kukuambia usirudi kamwe, nikaichana. Nilianza nyingine ya kukuambia uje leo, nikaichana pia. Zamani maneno yalinijia kama maji. Sasa nayachimba.

Ukweli ni huu. Ukirudi sasa, nitakupokea, nitakupikia, na kila utakaponyamaza mezani nitasikia kisima. Wewe nawe utaona hivyo usoni mwangu, utageuka pembeni kwa heshima. Tutaishi hivyo mpaka uzee, watu wawili wenye adabu. Sitaki.

Kwa hiyo baki. Simama mbele ya hao wapya. Uwaambie Baba alikuwa ni mkwe wako na ulimpenda, na kwamba kwa sababu hiyo hukumwambia. Waambie na habari yangu, usinifiche nyuma ya desturi. Sema mke wangu aliniomba. Ukiwa umelisema mbele ya wageni mpaka sauti yako haitetemeki, ndipo uje uliseme mbele ya mama yangu, uso kwa uso, bila ndoo na bila kamba. Hatakusaidia. Mimi pia sitakusaidia. Lakini nitakuwa nimeketi hapo.

Sijui nitakuwa mke wa namna gani siku hiyo. Yule aliyekuandikia mwezi wa saba namwonea haya, na namkumbuka sana.

Jana mama aliniuliza kama huko Kabambare una mtu wa kukupikia. Nilimjibu kwamba unakula vizuri. Basi kula, Zakaria. Nisiwe nimemdanganya mjane.

Rachida